Mama Mwamvita Anazima Mashine kwa Mara ya Mwisho

Ijumaa hii, tarehe 26 Septemba 2025, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi katika Mtandao wa Afya Luama, Mama Mwamvita Hemedi, mkuu wa mawasiliano na kompyuta katika ofisi yetu ya Kasongo, anastaafu. Sherehe itaanza baada ya swala ya Ijumaa, katika ukumbi wa nyumba, ndivyo tunavyoiita ofisi yetu, na kila mfanyakazi ameombwa afike amevaa kitenge cha kazi, kile cha bluu, si kile cha sherehe ya mwaka jana ambacho kilichuja rangi.

Uongozi umeniomba mimi, Pascaline, katibu, niliyekaa meza ya jirani naye kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume wangu, niandike wasifu huu kwa lugha ya kufurahisha. Furaha ipo, na nitaanza nayo ili isije ikasahauliwa njiani. Rasimu ya kwanza ilirudishwa mezani kwangu na Mkurugenzi wetu, Bwana Marcellin, akiniomba nipunguze ukali. Nimepunguza. Kilichobaki ndicho hiki.

Mama Mwamvita alizaliwa hapa hapa Kasongo, katika nyumba ya wafanyabiashara wa vitambaa na chumvi, si mbali na msikiti. Baba yake alitaka akae dukani. Yeye akaenda kwa masista kujifunza kupiga chapa, mtandio kichwani, katikati ya wasichana waliokuwa wakifanya mazoezi ya nyimbo za misa, na masista walimpenda kwa kuwa hakuwa mtu wa kelele. Hapo masista walijidanganya. Alipoajiriwa mwaka 1993, mkurugenzi wa wakati ule alikuwa na tabia ya kumsomea barua huku akitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, haraka haraka kama mtu anayefukuzwa. Wiki haikuisha. Mwamvita aliondoa mikono kwenye mashine, akamtazama na kusema, "Papa, vidole iko kumi tu." Kuanzia siku hiyo nyumba nzima ikajua kwamba mpiga chapa mpya ana mdomo.

Baadaye alikabidhiwa phonie, ile redio ya kuitana iliyotuunganisha na vituo vyetu vya afya vya Nyangwe na Kabambare. Vita vilipofika Kasongo, na kila chenye waya kikawa kinachukuliwa, aliifunga phonie ndani ya kitenge, akaibeba mgongoni kama mama anavyobeba mtoto, akapita nayo kwenye kizuizi cha barabarani. Askari akataka kumwona mtoto. Mama Mwamvita akamjibu kwa sauti ya chini, "Iko mugonjwa, musimwamushe," akaendelea kutembea bila kugeuka. Wale waliokuwa nyuma yake wanasema mgongo haukutikisika. Mambo yalipotulia, phonie ilirudi kazini na betri yake ya gari, na usiku ilikaa nyumbani kwake kando ya kitanda, kwa sababu Kabambare walikuwa wakituita saa yoyote. Naomba msomaji alishike hilo neno la saa yoyote, tutalihitaji mbele.

Yako mengine ya kuchekesha. Alikuwa na sheria kwamba hakuna kinywaji kinachoingia chumba cha kompyuta, na siku Mkurugenzi alipoingia na chupa ya sucré, yaani soda, mkononi, wageni wakiwa nyuma yake, alimnyang'anya mlangoni, akaiweka chini nje, akamkaribisha ndani kwa heshima zote. Sisi tulitazama karatasi zetu. Wageni walidhani ni itifaki ya nyumba, na mmoja wao akatoa kalamu mfukoni akauliza kama nayo aiache nje. Mchaichai wake alikuwa anaunywa barazani, amesimama, hata mvua ikinyesha, na akikuona umeketi na kikombe karibu na kibodi, ulikuwa unasikia jina lako na la baba yako.

Sasa niseme habari ya moto, kwa sababu bila huo hakuna kitakachoeleweka. Zamani kidogo, baada ya vita, waya wa friji uliungua usiku, na ghala yetu ya dawa ikateketea yote. Jirani mmoja aliunguza mikono akitusaidia. Mimi nilikuwepo, nilibeba ndoo mpaka mabega yakafa ganzi, na asubuhi tulisimama mbele ya majivu ya dawa ambazo wagonjwa walikuwa wanazisubiri. Tangu hapo ikawekwa amri: jioni, saa kumi na mbili, swichi kuu inateremshwa, nyumba nzima inazima. Mlinzi wetu Pitchou anapita chumba kwa chumba na tochi kuhakikisha hakuna hata taa ndogo nyekundu inayowaka. Hofu hiyo naielewa, na sitamcheka mtu yeyote kwa ajili yake.

Lakini amri ikageuka desturi, na desturi ikavaa nguo nzuri. Mzee Pierre, mtunza ghala aliyepoteza kazi ya maisha yake katika ule moto, alipostaafu muda mfupi baadaye, alipewa heshima ya kuteremsha swichi jioni ya sherehe yake. Alilia, na watu wakapiga makofi gizani. Ilikuwa jambo la kugusa moyo kweli. Kuanzia hapo kila mstaafu wa nyumba hii, awe dereva, awe mpishi, anateremsha swichi kwa mkono wake siku ya mwisho, na sisi tunapiga makofi. Imo katika ratiba ya leo pia, mtaiona ukurasa wa nyuma.

Mitambo mipya ilipokuja, phonie ilitolewa kando ya kitanda cha Mama Mwamvita na kuwekwa kabatini. Tukapata antena juu ya paa, kompyuta, na mashine nyeusi ndogo, si kubwa kuliko kitabu cha nyimbo, ambayo mafundi wanaiita pare-feu. Kazi yake ni ulinzi wa mtandao. Kila ujumbe unaotoka Kabambare kwenda kwa madaktari wa Kasongo, na kila jibu la madaktari linalorudi Kabambare, lazima lipite ndani yake likaguliwe. Pare-feu ikizimwa hakuna kinachopita. Injinia Joël alikuja kutoka Kindu kuifunga, akampa Mama Mwamvita mafunzo, na baadaye Mama mwenyewe akaenda Kindu kusoma zaidi, akarudi na cheti ambacho alikitundika nyuma ya mlango. Nilimuuliza kwa nini huko. Alisema hataki kukitazama kila siku akaanza kujipenda.

Tulishangilia sana mitambo hiyo. Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba phonie, pamoja na uzee wake na mikwaruzo yake, ilikuwa inasikia usiku, na mashine mpya inalala saa kumi na mbili.

Mkunga mkuu wa kituo chetu cha Kabambare anaitwa Régina. Kituo kiko bondeni, na simu za mkononi kule zinashika juu ya kilima tu, mvua isiponyesha. Miaka minne iliyopita alimpokea mama mmoja mkulima, jina lake Sifa, ambaye uchungu wake ulikuwa umekwama. Régina akatuma maswali yake kwa daktari wa Kasongo mchana ule ule. Daktari alikuwa ndani ya upasuaji. Alipotoka aliandika jibu refu, zuri, la kueleza nini kifanyike palepale na nini kisifanyike. Alipolituma, sisi tulikuwa tumeshateremsha swichi na tuko njiani kwenda nyumbani. Jibu lilikaa likingoja mpaka asubuhi. Sifa alipona. Mtoto wake hakupona.

Mama Mwamvita alipanda pikipiki akaenda Kabambare kutoa pole. Hakutumwa na mtu. Wanaoijua barabara ile wanajua maana ya mwanamke wa umri wake kuipita majira ya mvua, kushuka kwenye kila daraja la magogo, na kusukuma pikipiki kwenye tope pamoja na dereva. Sifa alimpa kiti, akampikia sombe, mboga ya majani ya muhogo, akakaa mbele yake. Kisha akamwuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu, "Mama, kule kwenu mulikuwa mumelala?" Mama Mwamvita alinisimulia swali hilo mara moja, na hakulirudia tena.

Aliporudi alianza kitu ambacho hakikuandikwa katika kanuni yoyote ya kazi. Kila jioni, kabla ya kuifunga pare-feu kwa utaratibu ili Pitchou ateremshe swichi, alikuwa anawaandikia Kabambare maneno yale yale: "Tunafunga. Kama kuko mutu, museme sasa." Kisha anakaa kusubiri. Régina, au yeyote aliye zamu, anajibu, "Kwa sasa hakuna," ndipo Mama anafunga. Jibu likichelewa, hafungi. Pitchou amesimama mlangoni mara nyingi na tochi yake, swichi haijateremshwa, Mama ananyoosha kidole juu bila kutoa macho kwenye kioo cha kompyuta. Kwa ucheleweshaji huo alipewa onyo mara kadhaa, na aliyeyaandika maonyo hayo kwa mkono wake ni mimi, maana ndiyo kazi ya katibu.

Katika kila mkutano wa nyumba aliomba jambo moja. Hakuomba taa, hakuomba friji, hakuomba kompyuta za ofisi. Aliomba antena na pare-feu tu zibaki zinawaka usiku, ili Kabambare na hospitali waweze kuzungumza. Alijibiwa kwamba betri za sola hazitafika asubuhi. Alijibiwa habari ya moto. Alijibiwa kwamba mashine nayo inahitaji kupumzika, na aliyetoa jibu hilo alilitoa kwa uso mkavu kabisa, kama mtu anayezungumza habari ya punda. Mama alikuwa anakaa chini, anafunga kalamu yake, na mkutano unaofuata anasimama tena.

Mwezi wa saba mwaka huu Injinia Joël alipiga simu kusema kwamba programu ya pare-feu yetu imezeeka, haina tena kinga dhidi ya wezi wa mtandao, na lazima isasishwe upesi. Kwa kuwa tulikuwa tumeruka matoleo mengi, kazi ingefanyika kwa hatua mbili. Alisema tukianza Jumamosi asubuhi, mchana tutakuwa tunakula. Kabambare wakaarifiwa kwamba mawasiliano yatakatika kwa nusu siku. Mama Mwamvita alitawadha, akaswali rakaa mbili, akabonyeza.

Mchana ulifika, tukala peke yetu. Ile alama inayoonyesha kazi imefika wapi ilikuwa imesogea kidogo, kisha ikasimama, kisha ikasogea tena kwa kujivuta. Alasiri nyumba nzima ilikuwa imejaa mlangoni mwa chumba cha kompyuta, kila mtu na maoni yake. Huyu alisema ni mawingu yamezuia antena. Yule alisema Kabambare wamegusa kitu huko kwao. Bwana Marcellin aliuliza, mbele ya watu wote, kama kazi za namna hii sasa hazihitaji mikono michanga zaidi. Mama Mwamvita aliendelea kuitazama ile alama. Nilimwona anavua miwani, anaifuta na pembe ya mtandio, anaivaa tena, na macho yake hayakuwa mazuri.

Ikakaribia saa ya kuzima. Joël alisema kwenye simu, na tulimsikia sote, kwamba mtu asithubutu kukata umeme sasa: mashine ikizimwa katikati ya kujiandika upya inaweza isiamke tena, na nyingine itachukua miezi kufika kutoka Kinshasa. Bwana Marcellin alisema amri ni amri. Pitchou alitazama chini. Basi Mama Mwamvita akachukua kiti chake, akakipeleka kwenye ukuta wa swichi kuu, akaketi na mgongo wake umeiziba, akaweka mkoba mapajani. Alisema, "Leo hapana kuzima. Kama munataka kuzima, muzime mimi kwanza."

Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi alisimama kidogo, akaagiza mlinzi wa pili aletwe na ndoo za mchanga ziwekwe mlangoni, akaenda zake. Nyumba yetu ikalala na mashine moja inayowaka, kwa mara ya kwanza tangu ule moto. Haikuungua. Na tulipofika asubuhi, betri zile ambazo miaka yote tuliambiwa hazitafika alfajiri zilikuwa bado na nguvu. Tuliangalia wote kipimo chake, pamoja na Mkurugenzi, ambaye alisema kipimo pengine kimeharibika.

Hatua ya kwanza ilikuwa imemalizika. Ilibaki ya pili, na Joël alishauri tuanze mara moja. Mama alikataa. Alisema hataanza tena bila kujua kilichowakwamisha jana, na hapo wawili hao, yeye Kasongo na Joël Kindu, simu imewekwa kwenye kipaza sauti juu ya meza, wakaanza kutafuta. Nilikaa nao nikaandika, kwa hiyo naweza kueleza. Haikuwa antena, kwa maana faili zote zilikuwa zimeshafika ndani ya mashine kabla ya kazi kuanza. Haikuwa joto, kwani Mama alikuwa anaigusa kila mara, na ilikuwa na uvuguvugu tu. Haikuwa kumbukumbu ya muda, ilikuwa na nafasi. Waliposema mashine iandike faili la majaribio kwenye diski yake, ndipo wakakuta ugonjwa: kusoma ilisoma vizuri, kuandika iliandika kama mtu anayechonga jiwe.

Joël akaeleza. Diski ya aina ile, ukifuta kitu, haijui yenyewe kwamba nafasi imekuwa wazi. Lazima mashine iipitie na kuiambia: hapa na hapa hapana mtu tena, safisha. Usipoiambia, diski inajiona imejaa, na kila ukitaka kuandika neno moja inahamisha mizigo huku na huku kwanza. Ni sawa na mwenye nyumba ya wageni asiyeambiwa nani ameondoka, anagonga kila mlango kabla ya kumpa mgeni kitanda. Usafi huo mashine inaufanya yenyewe mara moja kwa wiki. Mama Mwamvita akaomba kuonyeshwa mahali panapoandikwa lini usafi ulifanyika mara ya mwisho. Pakafunguka. Palikuwa na neno moja, la kusema haujafanyika kamwe.

Haujafanyika kamwe kwa sababu kiwandani waliupangia saa ya usiku wa manane, Jumapili kuamkia Jumatatu, wanapodhani watu wote wamelala na mashine haina kazi. Walifikiri vizuri. Hawakufikiri kwamba duniani kuna nyumba inayoizima mashine ya ulinzi kila jioni ya Mungu. Joël akasema, "Mama, mi nilifunga hizi mashine ngapi jimbo nzima ya Maniema, sikuwaza hata siku moja kuuliza kama munazima usiku." Na Mama akamwambia, "Na mi sikuuliza inafanya kazi gani tukiwa tumelala." Wote wawili wana vyeti, wote wawili walikuwa hawajui, na walisema hivyo bila kuzunguka. Nataka hilo lisomwe na wale wanaofikiri ofisi inaendeshwa kwa kutokukosea.

Mama aliamuru usafi kwa mkono. Ulichukua muda mrefu, mashine ikivuta miaka ya takataka. Kisha wakaanza hatua ya pili, na nawaapia, maharagwe niliyoyabandika barazani yalikuwa bado magumu ilipokwisha. Kabambare wakarudi hewani. Ujumbe wa kwanza wa Régina ulisema, "Mama, mulitupotea." Watu walipiga vigelegele. Mama Mwamvita hakupiga. Alikuwa amekaa na uso ambao sijawahi kumwona nao, uso wa mtu aliyeona mlango umefunguka, akaniambia polepole, "Pascaline, sasa watakubali. Mashine yenyewe imesema inataka usiku."

Na mimi niliamini. Ushahidi wote ulikuwa mezani. Mashine iliharibika kwa kuzimwa, usiku ilipoachwa haikuunguza kitu, betri zilitosha. Jumatatu tulikwenda kwenye mkutano, Mama amevaa mtandio wake wa Idi. Alieleza yote kwa ufupi, kwa adabu, na mwishoni akataja Kabambare, akamtaja Sifa kwa jina.

Bwana Marcellin alimshukuru sana. Alisema kwa nguvu kwamba nyumba inajivunia kuwa na mtu kama yeye. Kisha akamwuliza Joël, aliyekuwa kwenye simu, kama usafi huo wa diski lazima ufanyike usiku, au unaweza kufanyika saa nyingine yoyote. Joël ni mtu mkweli. Alijibu kwamba unaweza kufanyika saa yoyote mashine ikiwa inawaka. Basi, akasema Mkurugenzi, ufanyike saa ya chakula cha mchana, na jioni nyumba iendelee na utaratibu wake. Akafunga faili. Shida imekwisha, alisema, na watu wakapiga makofi, na tukaenda kunywa chai.

Nilikasirika. Bado nimekasirika, na hili Bwana Marcellin alilikata kwenye rasimu, nami nimelirudisha. Mwanamke alihangaika siku mbili kutafuta kwa nini mashine inajivuta, akapata, na alichokipata kikatumiwa kumnyima kile alichokiomba miaka yote. Zaidi ya hapo, hakuna mwingine aliyejua kubadili ile saa. Aliketi akaibadili mwenyewe, kutoka usiku wa manane kwenda mchana, kwa vidole vyake kumi. Alipomaliza aliniambia, "Nimewatafutia dawa, na ile dawa njo yenyewe imenimaliza." Akatoka barazani na mchaichai wake. Taarifa yetu kwa wafadhili ya robo ile inasema kwamba sasisho la pare-feu lilifanikiwa kutokana na uongozi madhubuti.

Haya basi, tuendelee na shukrani, ndivyo wasifu unavyotakiwa kumalizika. Tunamshukuru Mama Mwamvita kwa phonie aliyoibeba mgongoni. Tunamshukuru kwa vijana wote aliowafundisha kompyuta kwa kuwagombeza, ambao leo wana kazi Kindu, Bukavu na hata Kinshasa, na wanampigia simu wakikwama. Tunamshukuru kwa diski iliyo safi. Nafasi yake bado haijajazwa. Kwa sasa Pitchou ataonyeshwa namna ya kuifunga pare-feu kwa utaratibu kabla ya kuteremsha swichi, ni hatua chache tu na amezishika vizuri. Kuwauliza Kabambare jioni hakumo katika hatua hizo, kwa kuwa hakukuwahi kuwa kazi rasmi ya mtu yeyote.

Nilimtumia Régina ujumbe nikamwomba neno la pongezi la kuweka hapa. Alijibu siku hiyo hiyo. Aliandika, "Mwambie Mama asante sana, Mungu amubariki. Na umuulize, kuanzia Jumamosi, mangaribi ni nani ataniuliza?" Nimezunguka na swali hilo ofisi zote za nyumba hii. Waheshimiwa walinisikiliza vizuri sana.

Ratiba inasema kwamba leo, saa kumi na mbili jioni, mstaafu atateremsha swichi kuu kama ilivyo heshima ya nyumba. Nilimwambia Mama kwamba anaweza kukataa, nikamwambia hata kwamba kiti chake kile bado kipo na mimi nitakaa naye. Alitikisa kichwa. Alisema, "Nitaizima. Hii nyumba imenilisha, sitaki watu waseme nilitoka na ugomvi. Lakini uwaambie wasinipigie mikono." Ninawaambia sasa, kwa maandishi: swichi itakaposhuka, msipige makofi. Shikeni mikono yenu mapajani, mkae hivyo gizani kidogo, muwafikirie walio bondeni kule.

Mama Mwamvita, tunakutakia afya, wajukuu wenye kelele, na usingizi ambao ulikuwa hauupati. Na kabla ya swichi, nenda kwanza chumbani ukawaulize Kabambare kama kuna mtu. Usiharakishe. Ukumbi wote utakusubiri mpaka wajibu.